Kikapu Kisicho na Mdomo

Asubuhi za mwezi wa Juni kule Mollo, nje ya Sumbawanga, ni za baridi kali. Upepo wa Ufipa hupita katikati ya nyumba bila kubisha hodi. Asubuhi moja ya namna hiyo, mwaka 1955, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, Modesti aliamka, akavaa koti lake, akapapasa mlango na kutoka nje kunawa uso.

Modesti alikuwa mkulima wa ulezi na maharage. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na mitano. Macho yake yalikuwa hayaoni.

Alipiga hatua mbili.

"Kulia, Baba Albina! Nenda kulia!" mkewe Silvana alipaza sauti kutoka jikoni.

Modesti akageukia kulia.

"Simama hapo hapo!" Huyo alikuwa Marsiana, jirani yao, aliyekuja kuomba moto. "Kuna ungo mbele yako!"

"Hapana, baba, pita huku!" akasema binti yake Albina.

Huku ni wapi? Modesti aliinua mguu, asijue auteremshe wapi. Sauti tatu zilimvuta, kila moja upande wake, na upepo nao ukazichanganya. Mwishowe akauteremsha mguu. Ungo ukabinuka, na ulezi wote ukamwagika chini.

"Pole, pole," wakasema wote watatu kwa pamoja.

Modesti aligeuka. Alirudi ndani, akakaa kwenye kigoda chake. Siku nyingi zilikwenda hivyo. Akitaka kuchota maji, mtu humnyang'anya kata. Akitaka kutoka, watu watatu humwelekeza. Kichwa chake kilikuwa kama soko siku ya mnada.

Zamani alikuwa anaona vizuri. Kisha macho yakaanza kumuuma na kutoa tongotongo. Watu wakamwambia akamulie maji ya majani machoni. Alifanya hivyo miezi mitatu. Alipokwenda zahanati, mganga alimwinua kope, akaguna.

"Ungekuja wiki ya kwanza, tungekupa dawa," alisema. "Majani yale yameongeza vidonda. Sasa tumechelewa, ndugu yangu."

Miaka miwili ilikuwa imepita tangu siku ile.

* * *

Mchana wa siku hiyo ungo ulipobinuka, kaka yake Modesti alifika kwa lori kutoka Kirando. Jina lake Eustaki. Yeye huuza dagaa wakavu kutoka ziwani. Kila akija Sumbawanga na mzigo wake hulala kwa mdogo wake.

"Shikamoo kaka," alisema Modesti.

"Marahaba, mdogo wangu." Eustaki alivuta kigoda, akakaa. "Nimefikiri sana habari yako. Safari hii nitakuchukua twende Kirando. Kule hakuna baridi. Utakaa barazani, utaletewa samaki. Shamba hili tutampa mtu alime. Silvana na mtoto watakuja kukuona."

"Lini?"

"Nikimaliza dagaa. Kama wiki mbili hivi."

Modesti aligeuza uso kule alikokuwa Silvana. Alingoja aseme neno. Silvana hakusema. Zamani angemtazama tu, angejua. Sasa kimya kilikuwa kimya tu. Je, amekubali? Amechoka naye? Au analia?

"Unasemaje?" aliuliza Eustaki.

"Sijui," alisema Modesti.

Hilo ndilo neno alilokuwa akilitumia zaidi siku hizo.

* * *

Silvana alikuwa fundi wa kusuka vikapu. Kila Jumamosi aliwapelekea wateja wake vikapu sokoni Sumbawanga. Jumamosi ile alirudi na habari ya ajabu.

"Kuna mwalimu mgeni mjini," alimwambia Modesti. "Anaitwa Polikarp. Ameagiza vikapu vinne vidogo, vya mviringo kama chungwa kubwa. Lakini anataka visiwe na mdomo."

"Kikapu kisicho na mdomo? Utatiaje kitu ndani?"

"Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Anasema nitie vipande vya bati na kokoto, halafu nikifunge kabisa."

"Cha kazi gani?"

"Sijui mimi! Labda ni vikapu vya Kizungu hivyo."

Wakacheka kidogo wote wawili. Silvana alisuka kwa ukindu vile alivyoambiwa. Siku ya nne mwalimu Polikarp alifika mwenyewe Mollo kuvichukua. Modesti alisikia fimbo ikigonga chini, kisha sauti nzito ikipiga hodi.

"Karibu, mwalimu," alisema Silvana. "Vikapu vyako ni hivi. Sasa niambie ni vya nini."

"Ni mipira. Watu wasioona wataichezea kriketi."

Silvana aliviweka vikapu chini. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mwalimu, mume wangu amekaa pale. Haoni. Umekuja nyumbani kwetu kumcheka?"

"Mama, nitazame usoni," alisema Polikarp bila kukasirika. "Jicho hili halioni kabisa. Hili la pili huona vivuli tu. Nilikuwa askari. Bomu lilinipata vitani Burma. Hospitalini nilikolazwa tulikuwa wengi wa namna hii, na huko ndiko nilikofundishwa mchezo huu. Sasa nimeletwa Sumbawanga nifundishe wasioona kazi za mikono. Kazi asubuhi, mchezo Jumamosi."

Kisha Modesti akasikia kitu.

Kilikuwa chini, kwenye udongo. Kililia *chaka chaka chaka*, kikija upande wake. Hakuna aliyesema "kulia". Hakuna aliyesema "simama". Kilipokaribia mguu wake, Modesti aliinama na kunyosha mkono. Vidole vyake vikakutana na ukindu.

Alikiokota. Akakitikisa sikioni.

Kwa miaka miwili hakuwa ameokota kitu chochote kabla hajaelekezwa kilipo. Alikaa tu amekishika.

"Jumamosi, saa tatu asubuhi, kabla upepo haujazidi," alisema Polikarp. "Kiwanja kiko nyuma ya soko. Mimi nitakungoja."

* * *

Jumamosi Silvana alimpeleka mjini. Modesti aliijua kriketi kwa mbali tu. Enzi zake za kuona aliwahi kuwaona Wahindi wenye maduka wakiicheza Jumapili, wamevaa nguo nyeupe. Hata wakati ule, na macho yake mawili, hakuelewa walikuwa wakifanya nini.

Kiwanjani palikuwa na wanaume saba wasioona na wanawake wawili. Mmoja wao alimshika mkono.

"Mimi ni Uledi. Nilikuwa dereva wa lori la Mbeya," alisema. "Usiogope, bwana. Siku yangu ya kwanza nilidhani wamenileta hapa nichekwe. Nilitukana watu wote."

Polikarp alimpa Modesti kibao kirefu cha mti na kumsimamisha mbele ya debe tupu.

"Sikiliza vizuri. Nyuma yako kuna debe. Hilo ndilo unalolinda. Mwenzako atauviringisha mpira chini uje kwenye debe lako. Mpira ukigonga debe, wewe umetoka mchezoni. Wewe ukiupiga mpira kwa kibao ukaenda mbali, unakimbilia debe la pili kule ng'ambo. Ukifika, umepata mkimbio mmoja. Wenye mikimbio mingi ndio washindi. Umeelewa?"

"Sijaelewa."

"Vizuri. Hakuna anayeelewa kwa maneno. Kabla ya kutupa, mwenzako atakuuliza, 'Tayari?' Nawe utajibu, 'Tayari.' Kisha atasema, 'Cheza!' na kuuachia mpira. Hawezi kukuvizia. Hiyo ni sheria."

Modesti aliinama na kibao chake.

"Tayari?" aliita Uledi kutoka mbali.

"Tayari."

"Cheza!"

Mpira ukaja ukilia.

"Kushoto, Baba Albina! Kushoto! Piga! Piga sasa!" alipiga kelele Silvana.

Modesti alipiga kushoto. Alipiga hewa. Nyuma yake debe likalia *ngwaa!*

Mara ya pili Silvana alipaza sauti tena, na watu waliokuwa wakipita njiani nao wakaanza kusaidia. "Mbele!" "Chini!" "Ngoja!" Debe likalia. Mara ya tatu likalia tena. Modesti akatupa kibao chini.

"Basi. Nirudisheni nyumbani. Mimi nimekwisha."

Polikarp aliokota kibao. Kisha akamwendea Silvana.

"Mama, unampenda mumeo?"

"Swali gani hilo, mwalimu?"

"Unampenda, ndiyo maana unapiga kelele. Lakini mtu asiyeona anaona kwa masikio. Ukipiga kelele wakati mpira unakuja, ni kama umemfunga kitambaa masikioni. Katika mchezo huu mpira ukiwa mwendoni watazamaji wote hunyamaza. Wote."

Silvana akaziba mdomo kwa khanga yake.

"Na wewe Modesti," aliendelea Polikarp akimrudishia kibao, "unausikiliza mdomo wa Uledi. Akishasema 'Cheza' kazi ya mdomo wake imekwisha. Sikiliza udongo."

"Tayari?"

Modesti alisita. "Tayari."

"Cheza!"

Safari hii kiwanja kilinyamaza. Modesti alisikia mpira peke yake, ukitambaa juu ya majani makavu. Ukaja. Ukaja tena. Ukalia karibu na kidole gumba cha mguu wake wa kulia, naye akazungusha kibao.

*Ta!*

"Ni nini hicho?" aliuliza kwa mshangao. "Umekwenda wapi?"

"Umeupiga! Kimbia!"

"Nikimbilie wapi?"

Hakungoja jibu. Alikimbia. Alikimbia upande usio wake kabisa, akamvaa Uledi, na wote wawili wakaanguka chini. Watu wakaangua kicheko. Modesti alilala pale na vumbi mdomoni. Hakujua akasirike au afanye nini. Kisha akamsikia Uledi, chini yake, akicheka mpaka anakohoa. Modesti naye akajikuta anacheka. Alicheka hadi mbavu zikamuuma.

* * *

Walipokuwa wakiagana, Silvana alimvuta Polikarp pembeni. Modesti aliwasikia.

"Mwalimu, na nyumbani je? Kila siku anajikwaa, nasi tunamwelekeza sana."

"Mko wangapi mnaomwelekeza?"

Silvana alifikiri. "Wote waliopo."

"Hapo ndipo penye shida. Mmoja aseme, wengine wanyamaze. Msiseme 'huku' wala 'pale'. Yeye haoni kidole chako. Sema, 'Mtungi uko mbele yako, hatua tatu.' Kila kitu kiwe na mahali pake, na kirudi mahali pake. Ukimwongoza usimkokote mkono kama mbuzi. Yeye akushike kiwiko, wewe utangulie. Na anachoweza kufanya, mwache afanye."

"Akiungua?"

"Wewe hujawahi kuungua, mama?"

Basi wakaanza. Haikuwa rahisi. Siku ya kwanza Albina alisahau ndoo katikati ya ua, na baba yake akaipiga teke. Ijumaa Modesti alitaka kuwasha moto mwenyewe. Silvana aliuma midomo, asiseme kitu. Moto uliwaka, lakini Modesti aliungua kidole.

Eustaki aliingia wakati huo huo. Alikiona kidole.

"Shemeji, unamtesa mdogo wangu!" alifoka. "Mtu haoni, unampa moto! Jumamosi unampeleka akaanguke mbele ya watu mjini! Jumatatu lori linaondoka, naye ataondoka nalo."

"Baba Albina si mzigo wa dagaa, shemeji," alisema Silvana. "Hata mimi hamjaniuliza."

Modesti alishtuka. Kumbe kile kimya cha siku ile hakikuwa kukubali. Lakini bado akili yake haikutulia. Kaka yake alimwonea huruma, naye alitaka kumwondoa. Mkewe alimwacha aungue, naye alitaka abaki. Nani kati yao alimtakia mema? Alikaa na kidole chake ndani ya maji baridi, akageuza swali hilo huku na huku.

"Kaka," alisema mwishowe, "kesho ni Jumamosi. Kuna mashindano. Njoo uangalie. Kisha tutasema habari ya lori."

* * *

Kesho yake timu ya wasioona ilicheza na timu ya makarani na wauza maduka wa mjini. Watu wa mjini walifungwa vitambaa vyeusi machoni. Watu wengi walikuja. Jua lilikuwa limetoka, na upepo ulikuwa bado umelala.

Karani mmoja, Flavian, hakufika. Timu ya mjini ikapungua mtu.

"Nani atajaza?" aliuliza Polikarp.

"Kaka yangu ana nguvu," alisema Modesti.

Watu wakashangilia. Eustaki aliona haya kukataa. Akafungwa kitambaa, akapewa kibao.

"Mchezo wa watoto huu," alisema.

"Tayari?" aliita Uledi.

"Tayari nini? Leta!"

"Cheza!"

Watazamaji walikuwa wamesahau sheria kwa furaha. "Kushoto, mzee!" "Kulia!" "Umepita!" "Bado!" Eustaki alipiga huku, akapiga kule. Kwa bahati tu mpira uligusa kibao na kuruka.

"Kimbia! Kimbia!"

Eustaki alikimbia. Alipita debe bila kulijua. Akasimama. Akageuka. Akageuka tena. Kelele zilimjia kutoka pande zote. Alinyosha mikono mbele, akapiga hatua moja, akairudisha.

"Modesti!" aliita. Sauti yake haikuwa ile ya kila siku. "Modesti, uko wapi?"

"Nyamazeni wote!" Modesti alipaza sauti. Kiwanja kizima kikanyamaza. "Kaka, simama. Uso wako uelekee ninaposema. Niko mbele yako, kama hatua kumi. Chini ni tambarare, hakuna shimo. Njoo polepole. Nifuate mimi tu."

Eustaki alikuja. Modesti alihesabu hatua zake. Zilipofika tisa alinyosha mkono, na mkono wa kaka yake ukaudaka na kuubana kwa nguvu. Ulikuwa na jasho.

Eustaki akavua kitambaa.

"Nilikaa humo kwa muda gani?" aliuliza.

"Dakika tatu hivi."

Eustaki alimrudishia Polikarp kitambaa. Alikwenda kukaa karibu na Silvana. Mtu yeyote aliyethubutu kupiga kelele baada ya hapo, alimwambia, "Shii! Huoni wanacheza?"

Watu wa mjini walipata mikimbio kumi na minne. Wasioona walifika kumi na mmoja, akabaki Modesti peke yake. Kwa sheria za Polikarp, mkimbio wa mtu asiyeona kabisa ulihesabiwa mara mbili. Wa mwenye kitambaa ulihesabiwa mara moja, kwa sababu vitambaa huchungulika, na wa anayeona vivuli vilevile.

"Tayari?"

"Tayari."

"Cheza!"

*Ta!* Mpira ulikwenda ukilia mpaka majanini. Polikarp aligonga debe la ng'ambo kwa fimbo yake, na Modesti akaukimbilia mlio ule, mikono mbele, hakupotea hata hatua moja. Kumi na mitatu. Bado mkimbio mmoja tu.

Mpira uliofuata ulikuja kimya kimya, ukikwamakwama kwenye nyasi, ukalia mwishoni tu. Modesti aliinama. Akachelewa kidogo.

*Ngwaa!*

Wasioona walishindwa kwa mkimbio mmoja. Modesti alisimama pale, kibao mkononi, moyo ukimdunda. Alishangaa kwamba jambo lililomuuma lilikuwa mpira ule tu. Aliutaka tena. Aliutaka Jumamosi ijayo.

Kule pembeni kulizuka ugomvi. Ni Eustaki, amemshika karani mhesabu.

"Umehesabu vibaya! Mdogo wangu alifika mara mbili! Nimeona kwa macho yangu!"

"Mzee, wewe ulikuwa timu yetu," alisema karani.

* * *

Jumatatu lori la Kirando liliondoka. Eustaki alipanda na magunia yake matupu. Kabla ya kupanda alimwambia Modesti, "Shamba lako ulime mwenyewe," na hilo ndilo alilolisema juu ya jambo lile.

Mvua zilipoanza, Modesti na Silvana walikwenda shamba. Walifunga kamba kutoka mti mmoja hadi wa pili, na Modesti akalima akiifuata. Tuta likiisha alisogeza kamba hatua moja, akaanza lingine. Matuta ya mwanzo yalikwenda upogo. Ya mwezi uliofuata yalinyooka kuliko ya majirani wengi. Asubuhi za kazi alikwenda mjini kwa Polikarp kujifunza kusuka viti. Albina alipoanza kuumwa macho, hawakungoja majani ya mtu. Siku hiyo hiyo walimpeleka zahanati, akapewa dawa, wakaambiwa wamwoshe uso kwa maji safi kila asubuhi na kila mtu atumie kitambaa chake. Akapona.

Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, Modesti alichelewa kurudi. Mchezo ulikuwa mtamu, na baada ya mchezo waliubishania sana. Alipokaribia ua, Silvana alikuwa amesimama mlangoni.

"Saa ngapi hizi?" alianza Silvana. "Mbuzi hukumfunga! Ameingia kwenye maharage, amekula tuta zima! Nani alikuwa na zamu ya mbuzi leo? Mimi? Kila Jumamosi ni kriketi, kriketi, kazi za hapa nimwachie nani? Hebu kamshike, yuko upande wa mto, hatua hamsini, usikie mwenyewe anavyotafuna!"

Modesti alisimama akisikiliza. Tangu apofuke, hakuna mtu aliyewahi kumgombeza. Watu walimwambia pole. Walimwambia kaa, tulia, acha. Kosa halikuwa lake hata siku moja. Sasa mke wake alikuwa akimfokea kama mke yeyote wa Mollo anavyomfokea mume mzembe.

"Samahani, Mama Albina," alisema. "Kosa ni langu."

"Ni lako ndiyo! Na unacheka nini?"

"Sicheki."

Lakini alikuwa anacheka. Alichukua kamba ukutani, akasimama kidogo kusikiliza, kisha akashika njia ya mtoni kumtafuta mbuzi wake.